Taja la Pili

Tuanze na ukweli, maana ukweli ndio uliokosekana katika habari hii tangu mwanzo: Liberatus hakujua Kihindi. Hata chembe. Aliwahi kufagia duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja pale Iringa mjini kwa miezi saba, akatoka na namba moja mpaka kumi na matusi mawili. Aliporudi Mafinga akawaambia watu kwamba Kihindi anakijua kama Kihehe cha mama yake, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpima, wakamwamini.

Miaka kumi na miwili akaishi kwa uongo huo. Filamu ya Kihindi ikitoka, anaifungua kwenye kompyuta katika kile chumba chake chenye magodoro ukutani, anaweka kinasa sauti mdomoni, na kuifunika sauti ya wenyewe kwa Kiswahili chake. Anamsemea stelingi, anamsemea adui, anamsemea mama mkwe anayelia. Maandishi ya Kiingereza yakipita chini anayasoma kwa kadiri ya kidato cha nne chake, na yasipopita anatunga. Akichoka kutunga anatupa salamu: kwa wapasua mbao wote, kwa wagema utomvu wa misonobari, kwa mama ntilie wa stendi. Watu walimpenda kufa. Mtu angekuja na filamu iliyotafsiriwa Dar es Salaam, kibanda kizima cha kuonyeshea video kingepiga kelele, "Toa hiyo! Tuwekee DJ Libe!"

Sasa mwaka huo wa kumi na mbili ikaja filamu moja ya magaidi. Yeye aliipa jina lake mwenyewe, "Taja la Pili", kwa sababu bomu la kwanza limekwisha kulipuka stesheni ya treni, la pili limefichwa mahali mjini, na Kamanda wa kikosi maalumu anahangaika kutafuta wa kumtajia lilipo.

Tusiionee, filamu ilikuwa nzuri. Ule mwanzo wake! Watu stesheni wanakunywa chai kwenye vikombe vya udongo, mzee anafunga kamba ya sanduku, hakuna muziki, hakuna chochote, halafu picha inakuwa nyeupe. Liberatus mwenyewe, mtu ambaye hata msibani hanyamazi, alinyamaza dakika nzima. Kamanda akikimbia juu ya mapaa, unajikuta umeshika kiti. Lakini ubovu nao ulikuwepo, na mkubwa. Bomu linatafutwa, mara harusi, watu mia wanacheza na mashada shingoni kama hakuna aliyekufa asubuhi. Mke wa Kamanda kazi yake ni kushika simu na kulia. Na Kamanda hakosei, jamani. Kila anayemkamata ni mbaya, kila anayempiga anasema kweli, ngumi yake ina macho.

Isipokuwa mara moja. Kuna fundi redio mmoja, mtu mnyonge mwenye mkoba wa nyaya, wanamkuta karibu na stesheni. Wanamfunga kwenye kiti na Kamanda anamvunja vidole kimoja kimoja. Aliyeigiza fundi yule alipewa dakika sita tu, na mimi naapa ndiye aliyeibeba filamu nzima. Analia mpaka unaona haya kumtazama. Baada ya hapo kamera inaondoka, kichwa chake kimelala kifuani. Filamu inaendelea saa nzima na milipuko yake, halafu chini yanapita maandishi, sekunde tatu, si zaidi, kwamba walimkamata asiyehusika. Kamanda anafumba macho, anafumbua, anapanda helikopta.

Liberatus aliyaona maandishi yale na aliyaelewa. Lakini yalipopita alikuwa katikati ya salamu, anamsalimu mwenye kibanda, Shedrack, na mkewe na watoto wake wote kwa majina. Akaona kurudia ni kazi. Akayaacha yapite.

Kile kipande cha kiti ndicho alichokishughulikia hasa. Kamanda alikuwa anaongea Kihindi kirefu pale bila maandishi, basi Liberatus akamtungia maneno, kwa sauti nzito ya kutoka tumboni: "Mtu asiye na hatia halii mapema! Anayelia mapema anajua kitu! Taja la pili!" Alijipenda sana siku hiyo. Alirudia kuisikiliza mara nne.

Na yule fundi redio wa kwenye filamu alihitaji jina.

Mafinga pale, karibu na kibanda cha Shedrack, alikuwepo fundi redio wa kweli, Anord, rafiki yake Liberatus tangu darasa la pili. Mtu mpole, mguu mmoja mfupi kidogo, mkoba wa nyaya hauondoki begani. Miaka yote Anord alikuwa akimwomba, "Mnyalukolo, ndugu yangu, mbona kila mtu unamweka kwenye filamu isipokuwa mimi? Niweke siku moja, niwe stelingi."

"Stelingi kwa mguu huo?" Liberatus alimjibu. "Stelingi anaruka ghorofa, kaka. Wewe hata mfereji unaomba mkono."

Basi akampa fundi wa kwenye kiti jina la Anord. Utani. Wakahesabu wote kuwa ni utani. Siku ya kwanza filamu ilipoonyeshwa, Jumapili mchana baada ya ibada, Kamanda aliponguruma "Anord! Taja la pili!", kibanda kilipasuka kwa kicheko, na Anord mwenyewe ndiye aliyecheka mpaka akashuka chini ya kiti. Toka siku ile hakupita mahali bila kutaniwa. Kiwanda cha mbao: "Anord, taja la pili!" Sokoni: "Gaidi, umelificha wapi?" Naye anajibu, "Sisemi, bosi wangu ataniua!" Na kwa kuwa maandishi yale ya Kiingereza yalikuwa yamezikwa chini ya salamu, hakuna mtu Mafinga aliyejua kwamba fundi wa kwenye filamu hakuwa na kosa. Kwao alikuwa gaidi aliyekufa bila kutaja.

Mke wa Anord, Tupokigwe, mwanamke wa Uyole kule Mbeya, hakucheka. Alimfuata Liberatus barabarani akamwambia, "Shemeji, jina la mtu halichezewi. Mtoe."

"Shemeji nawe! Filamu tu."

"Mtoe," alisema Tupokigwe. Liberatus hakumtoa.

Oktoba moto ukaja. Anayekaa huku anajua: nyasi zimekauka, upepo wa mchana hauna adabu, na mtu mmoja akichoma takataka zake shambani, vijiji vitatu vinalia. Ile Jumanne moto kichaa uliingia kwenye miti ya watu binafsi, misonobari ya miaka kumi na minne iliyobakiza miwili ivunwe. Ada za watoto, nyumba za bati, uzee wa watu, vyote viliungua kwa saa mbili. Devotha, mjane, alipoteza ekari zake zote tano. Kaka yake aliingia na tawi bichi kuuzima, na hakutoka. Walimleta amefunikwa kwa turubai.

Alhamisi asubuhi, moshi bado unatoka kwenye visiki, mgambo walimwona Anord anatokea upande wa msitu na mkoba wake. Alikuwa ametoka kutengeneza redio ya walinzi wa kambi ya misitu, na walinzi hao wangesema hivyo kama kuna mtu angeenda kuwauliza. Hakuna aliyekwenda. Mkuu wa mgambo, Jofrey, alifungua mkoba mbele ya watu akakuta nyaya, betri na kiberiti. Kiberiti cha kuwashia jiko la kuchomelea, lakini kiberiti. Jofrey alikuwa ameiona "Taja la Pili" mara tano.

Tupokigwe alifika chumbani kwa Liberatus saa sita mchana, kanga imemvuka begani, pumzi hana. "Shemeji, twende! Wamemfunga kwenye kiti pale kibandani. Wanamfanya kama kwenye filamu yako. Nimelia, nimepiga magoti, hawanisikii. Wewe watakusikia."

"Mwenyekiti wa kitongoji yuko wapi?"

"Yuko kwenye mazishi kijiji cha pili. Nimempigia, amesema ataita polisi. Shemeji, mpaka polisi waje mume wangu atakuwa amekwisha! Wewe useme tu kwamba maneno yale ni ya kutunga. Basi. Hilo tu."

Liberatus akatoka mbio. Njiani maneno alikuwa nayo yote, yamejipanga: jamani, mimi nilitunga, mtu yule hata kwenye filamu hana kosa, mimi Kihindi sijui. Tuseme haki, aliyabeba mpaka mlangoni.

Watu walijaa kibanda mpaka nje. Walipomwona wakampisha, na wengine, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. "DJ amekuja! DJ Libe!" Mbele, chini ya skrini, Anord alikuwa amefungwa kwenye kiti cha plastiki kwa kamba ya katani. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, umebanwa na vijana wawili. Jofrey alishika kipande cha mbao ya mbili kwa nne. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha. Devotha alikaa chini ukutani na majivu kichwani, haangalii chochote.

Anord alikuwa analia kwa sauti ya juu, kama mtoto.

"Umefika wakati mzuri," Jofrey alimwambia Liberatus, na hakusema kwa dhihaka, alisema kwa heshima. "Si unaona anavyolia mapema? Alianza hata kabla sijamgusa."

"Jofrey, kaka, mwache," alisema Liberatus. "Ile ni filamu."

"Filamu najua. Lakini Kamanda alisema kitu cha kweli au cha uongo? Wewe ndiye unayejua Kihindi hapa. Alisema asiye na hatia halii mapema. Alisema au hakusema?"

Watu mia na zaidi walimgeukia, Shedrack akiwemo, wapasua mbao aliowasalimu kwa majina miaka kumi na miwili. Maneno yalikuwa matatu tu: mimi sijui Kihindi. Angeyasema wangemcheka, wangemzomea, kesho wangeagiza filamu za Dar es Salaam, na DJ Libe angerudi kuwa Liberatus aliyefagia duka. Hilo ndilo lililompitia kichwani, na rafiki yake amefungwa mbele yake! Ni aibu kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tupokigwe alimvuta shati kwa nyuma.

"Alisema," akajibu Liberatus. "Lakini... kwa maana ya kule kwao."

"Alisema!" watu wakapokea. Mbao ikashuka. Kidole cha tatu.

"Jofrey!" Liberatus alipaza sauti. "Ngojeni polisi basi!"

"Kaka yake Devotha aliwangoja polisi?" mtu alimjibu kutoka nyuma. Mbao ikashuka tena, cha nne. Kilio cha Anord kilikatika katikati, akabaki anahema kwa mdomo, macho yanazunguka juu ya watu. Yakamfikia Liberatus. Yakasimama hapo.

"Taja la pili!" alisema Jofrey. Moto ndio uliokuwa unatafutwa siku hiyo, wala si bomu, lakini hakuna aliyejali. "Nani alikutuma? Mwenzako nani? Taja!"

"Liberatus," alisema Anord.

"Nani?"

"Liberatus. Yule pale. Ndiye aliyenituma."

Hebu sikia sasa. Watu walewale waliopiga makofi walimshika. Mmoja kola, mmoja mkono, mwingine akauliza kiti kingine kiko wapi. Liberatus alipoona kiti kinapitishwa juu ya vichwa vya watu, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Sijui Kihindi! Sijui! Nilitunga yote! Sijawahi kujua Kihindi, nilikuwa nafagia tu! Yule fundi hana kosa, imeandikwa kwenye filamu, mimi niliyafunika kwa salamu! Kamanda hakusema hivyo! Mimi ndiye niliyesema!"

Alipiga kelele mpaka sauti ile ya DJ ikakwama, ikabaki nyembamba ya mtu mwenye hofu. Wengine hawakuamini. Lakini Shedrack aliamini, maana alimfahamu, akakaa chini taratibu na kushika kichwa. Jofrey alitazama mbao mkononi mwake, halafu mkono ule juu ya meza. Dakika chache baadaye gari la polisi likasimama nje, watu wakatawanyika kupitia dirishani na mlangoni, na Tupokigwe akamfungua mumewe kwa meno kwa sababu mafundo yalikataa.

Wiki ya pili mtu wa kijiji cha jirani alikwenda mwenyewe kituoni akasema moto ulikuwa wake, alikuwa anasafisha shamba la mahindi ukamshinda. Jofrey alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana, akahamia Mgololo. Anord alilazwa Iringa. Vidole waliviunga, lakini vilikataa kukunjika. Alipotoka hospitali hakurudi Mafinga hata kuchukua vitu. Tupokigwe alikuja na kaka zake wakapakia kitanda, sufuria na redio tano za watu ambazo hazikuwa zimekwisha.

Liberatus akafanya alichoona ni toba. Aliirudia filamu yote, siku tisa, neno kwa neno kwa kadiri ya Kiingereza chake. Alimtoa Anord, fundi akabaki bila jina. Maandishi ya sekunde tatu alipoyafikia alinyamaza kabisa, kisha akayasoma mara mbili. Pale Kamanda alipoongea bila maandishi, alisema, "Hapa anaongea, mimi sielewi anasema nini." Hakuweka salamu hata moja. Shedrack aliionyesha mara moja, nusu ya watu wakatoka. "Haina ladha, Libe," alimwambia. Wakati huo ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kusambaa kwenye memori kadi, kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka wapi sijui, na maji yakimwagika hayazoleki.

Machi, mvua bado zipo, alipanda basi kwenda Mbeya na ile filamu mpya kwenye flashi, mfuko wa shati. Akauliza Uyole nzima fundi redio Anord anakaa wapi. Hakuna aliyemjua. Mwishowe alitaja jina la Tupokigwe, mama mmoja akamwonyesha. "Aa, kwa baba Jackline! Yule wa mkono."

Anord alikuwa barazani anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameulaza pajani. Tupokigwe ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama mlangoni. "Umefuata nini?" Neno shemeji hakulisema.

"Mpe kiti," alisema Anord.

Akaletewa. Cha plastiki. Liberatus alikikalia kwa ukingo.

"Kamwene, mnyalukolo."

"Karibu," alijibu Anord, basi.

Liberatus alitoa flashi akaishika kiganjani. Alieleza yote, siku tisa, jina alivyoliondoa, salamu alivyozitoa. Aliongea haraka. Alikuwa bado anaongea wakati kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipoongeza sauti ya televisheni yake, na sauti nzito ya kutoka tumboni ikavuka barabara: "Mtu asiye na hatia halii mapema! Anord! Taja la pili!" Wateja wa kinyozi wakacheka. Liberatus aliruka akasimama.

"Kaa," alisema Anord. "Ukiizima leo, Jumapili wataiweka tena."

"Wanajua kwamba...?"

"Hapa naitwa baba Jackline. Lile jingine silitumii."

Liberatus akakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nisamehe, kaka. Nilisema. Nilichelewa, lakini nilisema."

"Ulisema ulipotajwa," alisema Anord. Alikuwa hana hasira, na hilo lilimuumiza Liberatus zaidi. "Nilikuangalia pale, nikayaona maneno mdomoni mwako. Kidole cha tatu hukuyatoa. Cha nne hukuyatoa. Nikasema, huyu namjua toka darasa la pili, akiguswa yeye atasema. Ndiyo maana nikakutaja."

Ng'ambo, Kamanda alikuwa amepanda helikopta na muziki umepanda naye.

"Nikuulize kitu," alisema Anord. "Yule fundi wa kwenye filamu. Baada ya kile kiti alikwenda wapi?"

"Hawaonyeshi."

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni. Filamu haimrudii tena."

Anord alitoa punje moja mbovu kwenye maharage akaitupa uani. "Basi na wewe usirudi," alisema.

Liberatus akainuka, flashi bado kiganjani. Tupokigwe akaja kuchukua kiti.